Mbavu za Memphis: uende Rendezvous, Cozy Corner au Central?

Ukimuuliza mtu wa Memphis, Tennessee, mbavu zinaliwa wapi, huenda akakujibu mkahawa wa Rendezvous kabla hujamaliza swali. Ukimuuliza jirani yake, atakwambia nenda kokote ila hela yako usiipeleke Rendezvous. Ubishi huu ni wa miaka mingi na hauna msuluhishi. Kwa mgeni mwenye jioni moja tu mjini haumsaidii kitu, maana wabishi wenyewe hawapimi jambo moja. Huyu anapima moshi, yule anapima muda aliosimama kwenye foleni, na mwingine anatetea mahali baba yake alipokuwa akimpeleka utotoni.

Hapa nimeiweka Rendezvous kando ya nyumba mbili ambazo hutajwa sana na wanaoikimbia: Cozy Corner na Central BBQ. Zipo nyingine. Corky's ipo tangu 1984, Interstate ni ya ukoo wa Neely, na Payne's ina wapenzi wake wakali, ingawa kule watu wanafuata mkate wenye nyama iliyokatwakatwa na kabichi ya haradali, mbavu ni nyongeza. Lakini Rendezvous, Cozy Corner na Central zinatosha, kwa sababu kila moja inapika kwa namna yake. Ukishajua ulimi wako uko upande gani, hata kwingine utajua cha kuagiza.

Tunazungumzia kitimoto, hilo lieleweke mapema. Wasiokula nguruwe nimewawekea sehemu yao huko chini.

Kichochoroni kwa Vergos

Rendezvous haionekani ukipita barabarani. Iko katikati ya mji, jirani na hoteli ya Peabody, ile ambayo bata wake hushuka kwa lifti saa 5 asubuhi, wakaandamana juu ya zulia jekundu hadi kwenye chemchemi ya ukumbini, na kurudishwa juu saa 11 jioni. Mlango wa mkahawa uko kichochoroni. Unafuata harufu, unashuka ngazi, unajikuta chini ya ardhi kwenye vyumba vilivyojaa picha na vikorokoro vya kale kuanzia ukutani hadi darini. Kichochoro chenyewe kina jina la Jenerali Washburn wa jeshi la Muungano, yaani upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Agosti 1864, wapanda farasi wa Forrest, jenerali wa upande wa Kusini, walipouvamia mji alfajiri, jenerali huyo alitoroka akiwa na nguo za kulalia, na mji ukahakikisha jambo hilo halisahauliki.

Charlie Vergos, mtoto wa ukoo wa Kigiriki, alifungua pale mwaka 1948 akiuza mikate ya nyama ya paja na jibini. Alipokuwa akisafisha ghorofa ile ya chini, alikuta njia ya zamani ya kushushia makaa ya mawe, akaona inafaa kuwa bomba la kutolea moshi. Akaweka jiko. Mbavu zilikuja baadaye, na zilikuja kwa sababu zilikuwa rahisi: siku hizo hazikuwa nyama ya kujivunia. Akazichoma juu ya mkaa, akazilowesha kwa maji ya siki, kisha akazinyunyizia viungo alivyovijua kutoka nyumbani kwao, oregano na kitunguu saumu, pamoja na unga wa pilipili na paprika ya kutia rangi. Sosi haikupakwa. Kutokana na sahani hiyo, mbavu kavu zikawa sifa ya Memphis, na leo kuna mikahawa Marekani nzima inayouza mbavu "za mtindo wa Memphis" ambayo mwenyewe hajawahi kuuona mto Mississippi.

Vergos alifariki 2010 na ukoo wake ukaendelea na biashara. Kauli yao ni kwamba tangu Adamu hakujatokea ubavu wenye sifa kama huu. Majigambo, ndiyo, lakini yana ushahidi kidogo: Juni 2006, Rais George W. Bush alimpeleka Waziri Mkuu wa Japani, Junichiro Koizumi, kuona nyumba ya Elvis Presley, na chakula cha mchana wakakila Rendezvous.

Wanaoikataa wanasema nini

Malalamiko ni ya aina mbili na watu huyachanganya.

La kwanza ni la mafundi. Wanasema kile kinachofanyika kule chini ni kuchoma tu, basi. Kwao, mbavu halali za Kusini mwa Marekani hupikwa kwa moshi wa kuni, moto ukiwa mdogo na mbali, nyuzi kama 110 hadi 120 za Selsiasi, kwa saa 5 au 6. Katika muda huo kolajeni, ile mishipa na utando unaoshikilia nyama, huyeyuka polepole na kuwa utelezi mzito unaofanya midomo inate. Moshi huingia na kuacha duara la waridi chini ya ngozi ya nyama. Rendezvous haifanyi hivyo. Mbavu zao ni za mgongoni, nyembamba, zinawekwa juu ya mkaa kwa umbali wa kama nusu mita, moto ni mkali zaidi, na kwa saa moja na robo hivi zimeiva. Tena viungo hunyunyiziwa mwishoni, wakati mafundi wengi hupaka viungo nyama ikiwa mbichi na kuiacha ilale navyo.

Katika maelezo hayo hakuna uongo. Wanapokosea ni kwenye hukumu, na hasa wanapoitoa kwa niaba yetu. Mtu aliyekulia Arusha, Nakuru au Bujumbura hajazoea nyama ya moshi ya saa 6. Amezoea mkaa. Amezoea nyama yenye ukoko, inayotafunwa, yenye chumvi juu, inayong'atwa kwenye mfupa kwa juhudi kidogo, na kitu cha uchachu pembeni, ndimu au kachumbari. Sasa hebu tazama sahani ya Rendezvous: mkaa, siki, chumvi, viungo vikavu, nyama inayong'ang'ania mfupa. Kasoro ambayo fundi wa Memphis anaitaja kwa kejeli ndiyo hasa inayoifanya sahani hiyo iwe karibu na baa ya kitimoto kuliko nyingine yoyote mjini. Kilichopungua ni ndizi za kukaanga na mtu wa kukukatia nyama kwenye ubao.

Na hao wanaotaka nyama idondoke yenyewe kutoka kwenye mfupa wajue kwamba hata waamuzi wa mashindano hawaipendi hali hiyo. Mashindano ya dunia ya kupika nyama ya nguruwe hufanyika Memphis tangu 1978, na kwa kawaida mbavu zinazoachia mfupa kabla hujazing'ata huhesabiwa kuwa zimepitiliza. Zinatakiwa zivutike kwa wepesi, alama ya meno ibaki. Kwa hiyo ugumu kidogo peke yake si kosa.

Lalamiko la pili ndilo zito: kwamba mbavu za Rendezvous hutoka kavu kupita kiasi, na kwamba umaarufu umeigeuza nyumba kuwa kituo cha watalii. Hapa siwezi kuitetea moja kwa moja. Mbavu za mgongoni zina mafuta machache. Zikipitiliza dakika kadhaa juu ya mkaa hazina pa kujificha, tofauti na mbavu pana za chini ambazo mafuta yake huzilinda. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kula hapo wiki moja, mmoja akatoka anasifu na mwingine akatoka ananung'unika, na wote wakawa wakweli. Njia ya mkaa haina msamaha ilhali njia ya moshi inao: ukichelewa nusu saa kwenye saa 6, hakuna atakayejua.

Kutokana na hilo napata ushauri ambao naona haupewi uzito unaostahili. Mbavu za Rendezvous zisichukuliwe za kubeba. Kaa, kula zikiwa za moto, sosi iombe pembeni hata kama hutaitumia. Nyama iliyochomwa kwa mkaa ikifungwa kwenye boksi inajitolea jasho, viungo vinageuka matope, na nusu saa baadaye hotelini unakula kitu kingine kabisa. Vivyo hivyo kwa zile wanazosafirisha zikiwa zimegandishwa. FedEx makao yake ni Memphis, na biashara ya kutuma mbavu nchi nzima ni kubwa, lakini nashuku kwamba sehemu ya sifa mbaya ya nyumba hii inatokana na watu waliozila kwenye oveni zao huko Minnesota na hawajawahi kushuka zile ngazi.

Cozy Corner: mkaa pia, lakini kwa mkono mwingine

Wanaosema "popote ila Rendezvous" wengi humaanisha Cozy Corner. Raymond Robinson aliifungua 1977 kwenye barabara ya North Parkway, nje kidogo ya katikati ya mji. Alipofariki 2001, mkewe Desiree akaendelea, na 2020 akaingizwa kwenye orodha ya heshima ya wapishi wa nyama ya moshi ya Marekani. Mwaka 2015 jengo liliungua. Walihamia upande wa pili wa barabara, wakajenga, wakarudi 2017. Wateja walihama nao na kurudi nao, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko nyota za kwenye simu.

Jiko lao ni tanuri lenye kuta za kioo, lile wanalolitumia sana weusi wa Chicago. Moto uko chini, nyama iko juu, na mafuta yanayodondoka kwenye makaa yanapanda tena kama moshi. Kwa hiyo wale wanaoikimbia Rendezvous kwa sababu ya mkaa na kukimbilia hapa wanakimbilia mkaa mwingine. Tofauti ni kwamba hapa kuna sosi, ya nyanya, tamu mwanzoni na yenye ukali unaokuja nyuma, na unachagua kiwango cha ukali unapoagiza. Sahani inakuja na vipande vya mkate mweupe chini, vinavyolowa sosi. Usivitupe.

Mbavu zao ni nene, na zina mafuta. Lakini wenyeji wengi hawaendi kwa ajili ya mbavu nzima. Wanaagiza ncha za mbavu, vile vipande vya gegedu vinavyokatwa pembeni ili ubavu ukae sawa. Kama wewe ni mtu wa kutafuna mifupa, yule anayeachiwa gegedu mezani na kufurahi, ncha hizi zimetengenezwa kwa ajili yako na bei yake kwa kawaida iko chini ya mbavu kamili. Na sahani iliyowapa jina hasa ni kuku mdogo mzima, yule wa kumla mtu mmoja, aliyechomwa hadi ngozi ikawa nyeusi kidogo na nyama ndani bado ina maji. Kuna wanaosema huyo kuku ndiye kitu bora zaidi kilichopikwa kwenye mkaa Memphis, na mimi siwapingi.

Pembeni omba tambi za sosi ya nyama ya moshi. Ndiyo, tambi. Ni jambo la Memphis, wengine hulicheka, na watoto hulimaliza kwanza.

Central: kwa anayetaka moshi

Central BBQ ni mtoto wa juzi kulinganisha na hizo. Ilianzishwa 2002 na Craig Blondis na Roger Sapp, watu waliotoka kwenye mashindano ya kupika, na inaonekana. Mbavu zimepikwa kwa moshi wa taratibu, kipimo ni kile kile kila siku, na unazipata kavu, zenye sosi, au nusu kwa nusu. Tawi lao la mjini liko hatua chache kutoka Makumbusho ya Taifa ya Haki za Kiraia, yaliyojengwa kwenye moteli ya Lorraine ambako Martin Luther King aliuawa Aprili 1968. Wengi huunganisha safari hizo mbili, na baada ya makumbusho yale njaa hukaa pembeni kwanza. Jipe muda.

Jambo moja kwa wageni wa nyama ya moshi: ukiikata ukaona waridi karibu na nje, usiirudishe jikoni. Si ubichi. Gesi za moshi hukutana na rangi ya asili ya nyama na kuikamata isigeuke kuwa ya kijivu. Nyama hiyo imefika joto la juu kuliko kitimoto kingi tulichowahi kula.

Kama ladha ya Central nikiieleza kwa mtu wa nyumbani, ningesema inashangaza zaidi kuliko inavyofariji. Ni laini mno kwa meno yaliyozoea kufanya kazi. Moshi unatawala, viungo vinafuata, na chumvi iko chini ya sukari. Wapo Waafrika Mashariki wanaoipenda kuliko zote kwa sababu hiyo hiyo, wamekuja Marekani kula ambacho hawakukiacha nyumbani. Na wapo wanaokula vipande viwili na kuanza kutafuta pilipili. Pilipili ipo, lakini ni ya chupa, ina siki nyingi. Mabawa ya kuku ya moshi na viazi vyao vyembamba vya kukaanga wenyewe vina wafuasi wake, na kwa kundi lenye watoto ni salama.

Mbavu hizi ndizo zinazobebeka. Laini na zenye unyevu, zinastahimili boksi na safari ya saa moja. Ukitaka kula hotelini, au kuwapelekea watu wa mji mwingine, chukua hapa.

Foleni, huduma na mfuko

Rendezvous ni mkahawa wa kuketi na kuhudumiwa. Wahudumu wake, wengi wanaume wa makamo wenye mashati meupe na tai za kipepeo, ni sehemu ya sababu ya watu kurudi. Baadhi wamefanya kazi pale miongo kadhaa, na wateja huomba meza kwa jina la mhudumu. Wanaongea kwa mkato na hawapendi kusubiri uamue. Mgeni anaweza kuona ni ukali. Si ukali, ni mtindo wa nyumba, na ukiujibu kwa utani utahudumiwa vizuri kuliko ukinuna. Kwa kuwa ni huduma ya mezani, hesabu bakshishi ya asilimia 15 hadi 20 juu ya bili, jambo ambalo wanaotazama bei ya menyu peke yake husahau halafu wakasema ni ghali. Jioni za Ijumaa na Jumamosi, na siku za mechi za mpira wa kikapu, foleni huanzia ngazini. Ukifika mapema, kabla bata hawajarudi juu, unakaa.

Central unaagiza kaunta na kuletewa chakula mezani. Foleni inakwenda haraka. Cozy Corner nayo ni kaunta, lakini kasi ni ya jiko, na jiko halina haraka na mtu. Usiende hapo ukiwa na ndege ya kukimbilia.

Kwa umaridadi wa mahali hakuna mashindano. Ukitaka kumpeleka mgeni wa heshima, mama mkwe aliyekuja kutembea, au wenzako wa kazini wanaotaka kusimulia walikula wapi, Rendezvous inashinda kabla chakula hakijafika. Cozy Corner ni chumba cha kawaida na watu wa mtaa. Mimi napenda zaidi hicho, lakini najua si kila mama mkwe atanishukuru.

Madereva

Barabara kuu ya 40 na ya 55 zinakutana Memphis, na madereva wa malori wanaozungumza Kiswahili wanapita hapo usiku na mchana. Kwenu jibu ni fupi kidogo: na trela huingii kichochoroni kwa Washburn, wala usijaribu. Liache kwenye vituo vya malori vya West Memphis ng'ambo ya mto, upande wa Arkansas, uchukue teksi kuvuka daraja. Kama muda wa mapumziko unatosha kula na kurudi tu, agiza Central uletewe. Kama una mapumziko kamili ya saa 10, unaweza kushuka ngazi za Rendezvous na bado ukapata usingizi.

Kwa wasiokula nguruwe

Niseme bila kuzunguka: hizi ni nyumba za nguruwe, nyama nyingine zinapita kwenye majiko yale yale, na usitegemee uhalali wa machinjo. Mwislamu anayeshika hilo hana cha kula hapa zaidi ya mchuzi wa maswali. Bora aende na wenzake kwa kampani, anywe chai ya barafu, na chakula akile kwingine.

Kwa asiyekula nguruwe kwa sababu nyingine, afya au mazoea, mambo ni mepesi. Cozy Corner yule kuku mdogo anatosha kuwa sababu ya safari. Central ana mabawa na kuku. Rendezvous hupika pia ng'ombe na kuku, na wana wali wa maharage mekundu, lakini kumpeleka mtu pale asile mbavu ni kumlipisha kiingilio cha ukumbi.

Ningekupeleka wapi

Ukiwa umetoka nyumbani karibuni na unakumbuka nyama ya mkaa: Rendezvous, mapema jioni, ubavu mzima, sosi pembeni, na uombe siki ya ziada. Huo ndio msimamo wangu na najua wenyeji wa Memphis wenye pua kali watanicheka. Nilivyoziweka sahani tatu akilini, hiyo ndiyo pekee ambayo mtu wetu hatahitaji kufundishwa namna ya kuila.

Ukiwa umekaa Marekani miaka, umeshakula mbavu kavu za kila aina, unataka kujua mji unakula nini mtalii akishaondoka: Cozy Corner. Ncha za mbavu, ukali wa juu, tambi pembeni.

Ukiwa na watoto, au kundi la watu sita wenye vichwa sita, au hupendi kubahatisha na pesa yako: Central. Hutapata sahani ya kukumbukwa kwa miaka, lakini uwezekano wa kupata sahani mbaya ni mdogo kuliko kwingine. Agiza nusu kavu nusu sosi, ubishi uishe mezani.

Na angalia kalenda kabla ya yote. Rendezvous kwa miaka mingi imekuwa haifungui Jumapili wala Jumatatu, na Cozy Corner nayo ina siku zake za kupumzika zinazobadilika, kwa hiyo piga simu. Ukishuka Memphis Jumapili alasiri na njaa, nenda Central, kaunta iko wazi.